Kifumbu na Dema

Leo naomba mnifuate jikoni kwanza. Mtoni tutafika baadaye.

Juzi niliingia duka la dawa hapa Mbagala nikanunua kichupa cha GV. Mnaikumbuka: ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni, ambayo ikidondokea shuka, shuka hiyo imekwisha. Nikatia matone mawili kwenye jagi la maji, na jagi zima likageuka rangi. Nikaikunja kanga mara nne, kama tunavyochuja maji ya kisima, nikayapitisha. Kanga ilipata doa, maji yakatoka zambarau vilevile. Nikayabandika jikoni. Yakatokota dakika kumi, yakapungua, na rangi ikakolea kuliko mwanzo.

Ndipo nikachukua chupa tupu ya lita moja na nusu, nikaikata kitako, nikaigeuza mdomo chini, nikauziba mdomo kwa pamba. Ndani nikajaza mkaa wa kupikia nilioutwanga kwenye kinu na kuuosha mpaka maji yake yakaacha kuwa meusi. Nikamimina yale maji ya zambarau taratibu. Kikombe cha kwanza kilitoka cheupe. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa na ukungu wa rangi, wa kuuona mpaka ukipeleke kikombe kwenye mwanga. Cha sita kilitoka kama kilivyoingia. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akauliza kama mtaalamu amemaliza, maana kinu ni chake na kisamvu kinasubiri.

Kabla sijaendelea: maji hayo sikuyanywa, na nanyi msiyanywe. Mkaa wa jikoni si chujio la kuaminika. Lakini katika vikombe vile sita mmeshasikia karibu yote niliyokuja nayo leo.

Akina mama wa Pwani wana kifumbu, wavuvi wana dema. Kifumbu kazi yake tunaijua: unatia nazi iliyokunwa, unakamua, tui linashuka, chicha linabaki. Kinachagua kwa ukubwa tu. Kilicho kikubwa kuliko tundu kinabaki, kilicho kidogo kinapita. Kanga iliyokunjwa ni kifumbu, na mchanga wa kuchujia maji nao ni kifumbu, ingawa wenyewe ni mrefu na wenye subira. Sasa molekuli ya ile GV ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga milioni moja kwa mstari hazifiki milimita mbili. Tundu la kanga kwa molekuli kama hiyo ni lango la bandari kwa sisimizi.

Dema ni habari nyingine. Nenda Kunduchi asubuhi uwatazame wanaosuka. Dema lina mlango mpana kwa nje unaobanana kadiri unavyoingia ndani, na lina chambo. Maji yanapita kila upande bila kizuizi. Samaki hazuiwi na mtu. Anaingia mwenyewe kwa kuvutwa, na akishaingia njia ya kutokea haioni. Vitu ambavyo wanakemia wanavitengeneza leo kwa ajili ya kusafisha maji, hizo polima zenye vitundu, ni madema ya kutega molekuli. Na mkaa wangu wa jikoni ulikuwa dema bovubovu lililojaa baada ya vikombe vitano.

Kwa nini tujishughulishe na madema wakati hapa mjini ugomvi wetu na maji ni wa kipindupindu? Swali ni la haki. Agosti 2015 ugonjwa ule ulianzia Kinondoni, ukasambaa karibu nchi nzima, na hakuna aliyekufa kwa rangi ya nguo. Masika yakipiga, bado wako wanaotapisha vyoo usiku mvua inaponyesha, na asubuhi maji ya mfereji yanapita mbele ya mlango wa jirani. Kwa hiyo klorini iendelee na kuchemsha kuendelee. Ukiwa na shilingi moja tu ya kutumia kwenye maji, itumie kuua vijidudu.

Ila klorini inaua, haiondoi. Wala moto hauondoi, isipokuwa vile vitu vyepesi vinavyoruka na mvuke. Rangi, mabaki ya viuadudu, oili iliyoyeyuka, mabaki ya dawa tunazomeza na kuzipeleka chooni, vyote hivyo ni uchafu wenye mifupa ya kaboni, na vinatulia ndani ya maji yanayong'aa kama kioo. Na klorini ikikutana na maji yenye uozo wa majani na vitu vya namna hiyo, inaungana navyo na kuzaa vitu vipya, kimojawapo klorofomu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango chake kwenye maji ya kunywa kisizidi miligramu 0.3 kwa lita, na papo hapo linasisitiza kwamba kuogopa klorofomu kusiwe sababu ya kuacha kutia dawa. Dawa ya kukwepa tatizo hilo ni kuutoa uozo kwanza, klorini ije baadaye. Hapo dema lina kazi.

Sasa twendeni mtoni. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unazitenganisha Kinondoni na Ilala pale Jangwani, unaingia baharini Salenda. Huku kwetu Temeke tuna Kizinga, ambao watu wengi wanaupita kila siku kwenye daraja la Mtoni bila kuutazama. Maji ya Kizinga yanachukuliwa kwenye mtambo wa Mtoni uliojengwa mwaka 1949, mkoloni yuko madarakani, Mbagala bado ni mashamba ya mikorosho. Leo bonde lake limejaa nyumba. Gereji zinamwaga oili chafu chini. Wanaouza sabuni ya maji ya kupima wanaoshea madumu yao palepale. Pembeni kuna mchicha unaomwagiliwa kwa maji hayohayo, na mchicha huo tunaula, mimi nikiwamo.

Na kuna batiki. Nina jirani, jina lake nitalihifadhi, anayetengeneza batiki uani kwake. Kazi nzuri, nimewahi kumnunulia mama yangu. Anayeyusha mshumaa, anagonga mihuri ya sponji kwenye kitambaa, anachanganya rangi na kostiki soda na ule unga wanaouita haidrosi, anavaa glavu, anazamisha. Beseni moja kwa rangi moja. Rangi ikishafifia nguvu, beseni linainuliwa na kumwagwa kwenye mfereji ulio nyuma ya ukuta. Nilisimama naye siku moja tukautazama ule mkondo wa buluu ukiteremka kuelekea bondeni, ukapita chini ya genge la ndizi, ukakunja kona. Akaniambia, "Baba, nikimwaga chooni choo kinajaa, na kutapisha ni hela. Niambie wewe niimwage wapi." Sikuwa na jibu. Mazungumzo haya ya leo ni jaribio la kumjibu, na naomba mnivumilie kwa sababu lazima nipite Marekani na Urusi kwanza.

Anzeni na mkaa. Mkaa wa kusafishia maji, vitabu vinauita mkaa amilifu na mafundi wa vichujio wanasema kaboni tu, si mkaa wa tanuri la Kisarawe. Mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa bila hewa ya kutosha, kisha vikapigwa mvuke mkali mpaka vikatoboka vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa huo ikikunjuliwa, nikiweza kusema hivyo, kuta za vitundu vyake zina eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Chukua gramu saba au nane, kijiko cha kulia tu, na una eneo la kuchezea mpira lote pale Uwanja wa Mkapa, kutoka goli hadi goli. Kwenye kuta hizo ndipo molekuli za rangi zinapong'ang'ania.

Wanakemia wakajiuliza: kwa nini tutegemee matundu yaliyotobolewa na moto ovyo ovyo, wakati tunaweza kusuka wenyewe? Mwishoni mwa miaka ya 1960, Moscow, walichukua polisitirini. Mnaijua polisitirini, ndiyo lile boksi jeupe tulilokuwa tukifungiwa chipsi mayai. Nyuzi zake walizivimbisha kwenye kimiminika, na zikiwa bado zimevimba, zimeachana, wakazifunga fundo kwa fundo zisiweze kurudiana. Ni kama fito za dema: unazisuka zikiwa mbichi, zikikauka umbo limeshashika. Ikatoka plastiki ngumu iliyojaa uwazi ndani. Baadaye wengine wakasuka kwa fito fupi ngumu zaidi, na mwaka 2009 wanasayansi wa China walitangaza polima ambayo gramu yake moja ina eneo la mita za mraba 5,600. Hapo uwanja wa Mkapa unafunikwa na gramu moja na robo.

Lakini takwimu za namna hii zina ujanja wake, na mimi nimejifunza kuzishuku. Eneo hilo hupimwa kwa gesi ya naitrojeni, kwenye unga mkavu, maabara. Rangi ya batiki si gesi, na mfereji wa Mbagala si maabara. Kuna vitundu ambamo naitrojeni inaingia na rangi haipiti hata mlangoni.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa na kundi la William Dichtel, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, katika jarida la Nature mwanzoni mwa 2016. Wao walichukua kitu kinachopatikana kutokana na wanga, wanga huuhuu wa mahindi. Bakteria fulani wana kimeng'enya kinachoukata wanga na kuukunja kuwa pete, na pete waliyoitumia ina chembe saba za glukosi zilizoshikana mikono. Umbo lake ni kikombe kisicho na kitako. Nje kinapenda maji. Ndani hakiyapendi, kinapenda vitu vya jamii ya mafuta. Kemikali inayopita inavutwa ndani ya kikombe kama samaki kwenye chambo. Pete hizi zinajulikana tangu 1891, tatizo lake lilikuwa kwamba zinayeyuka majini na kwenda na maji. Kina Dichtel waliziunganisha kwa viungo vigumu, zikawa mtandao wenye nafasi wazi.

Eneo la polima yao halifiki mita za mraba 300 kwa gramu. Aibu, ukilinganisha na mkaa. Lakini walipoijaribu kwa bisfenoli A, kemikali inayotoka kwenye baadhi ya plastiki, iliinasa kwa kasi mara 15 hadi 200 kuliko vitu walivyoilinganisha navyo, mkaa amilifu ukiwamo. Sababu ni milango: kila kikombe kiko wazi, kemikali haizunguki ndani ya vichochoro kama mgeni anayetafuta nyumba Manzese. Na jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko kasi: polima hiyo ikijaa, unaisuuza kwa spiriti ya methanoli pasipo moto, inaachia ilichonasa, unaitumia tena. Mkaa ukijaa, kuufufua kunataka tanuri la mamia ya nyuzi joto, na kwa kawaida mtumiaji mdogo anautupa.

Niongeze kipengele kimoja kwa ajili ya vijana wa sekondari wanaosikiliza. Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 2025 walipewa watu watatu, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, kwa kusuka viunzi vyenye vitundu kutokana na chembe za metali zilizofungwa kwa fito za kaboni. Ni binamu wa hizi polima. Yaghi alizaliwa Amman, Jordani, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, na alikulia kwenye nyumba isiyo na bomba wala umeme, ambako maji ya mtaa yalifunguliwa kwa saa chache na kazi ya kujaza vyombo ilikuwa ya watoto. Mtoto yeyote wa Goba au Chamazi aliyewahi kuamshwa alfajiri kwa sauti ya "maji yametoka!" anaijua kazi hiyo.

Haya, turudi kwa jirani yangu. Je, ningeweza kumwambia anunue dema la Cornell? Hapana, na hata kama lingeuzwa Kariakoo kesho, yeye si wa kwanza kulihitaji. Lakini naomba mfanye hesabu pamoja nami. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Kutega rangi kwenye maji mengi kiasi hicho ni kama kutega dema moja katikati ya Bahari ya Hindi. Beseni la batiki lina lita 20. Rangi yote ya siku imo humo, imekolea, haijakimbia. Dakika tano baada ya kumwagwa inakuwa imechanganyika na maji ya vyombo, ya kuogea, ya mvua, na kila lita inayoongezeka inaongeza gharama ya kuitafuta.

Kwa hiyo mahali pa dema ni kwenye beseni, na kwenye bomba la kiwanda linapotoka ukutani, kabla ya mfereji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na viwango vya maji yanayoruhusiwa kutoka kiwandani vipo kwenye kanuni. Mwenye kiwanda anayepaka rangi mita elfu za kitambaa anaweza kununua kaboni, anaweza kununua polima, na anaweza kumwajiri kijana wa kemia kutoka Mlimani wa kupima kila asubuhi. Kwa akina mama wa batiki, watano au kumi wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na pipa moja la pamoja: kwanza rangi itulie iganduke na kuzama, kwa kuwa rangi nyingi za batiki zikipigwa na hewa huacha kuyeyuka, halafu maji ya juu yapite kwenye kaboni ya vifuu. Si jambo la kung'aa. Haliandikwi kwenye Nature. Ila vifuu tunavyo, na maganda ya korosho tunayo ya kuchezea.

Sasa nije kwenye kile kikombe cha sita, maana ndiko ninakogombana na wauza vichujio. Dema hujaa. Mvuvi analijua hilo, ndiyo maana analizamisha na kuweka alama ya boya, akarudi kulipandua. Chujio la nyumbani likijaa halipigi kelele. Maji yanaendelea kutoka, meupe, na kemikali inapita na kuingia kwenye glasi. Mimi niliona kwa sababu GV ina rangi. Kiuadudu hakina rangi.

Na likishapanduliwa, kilichomo kinaenda wapi? Methanoli iliyosuuzia polima ni sumu, na sasa ina sumu nyingine ndani yake. Hapa jirani yetu tuna somo chungu. Kijiji cha Vikuge, Kibaha, kilipokea katikati ya miaka ya 1980 shehena ya viuadudu vya msaada kutoka nje, baadhi yake vikiwa vimekwisha muda. Vikakaa kwenye banda, banda likachakaa, mvua ikafanya yake. Baadaye shehena ikaondolewa, pakahesabiwa pamesafishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ukaonyesha udongo wa pale bado umejaa DDT na wenzake. Ilihamishwa mifuko, uchafu ulibaki umekaa. Kunasa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni tanuri la kuchomea au mtambo wa kuvunja kile ulichonasa, na hiyo nusu huwa haimo kwenye tangazo.

Wala dema halinasi kila samaki. Chumvi ya visima vya Mbagala na Kigamboni itapita kwenye kaboni na kwenye polima za wanga kana kwamba hazipo. Naitreti inayovuja kutoka vyoo vya shimo itapita. Floridi ya Arusha itapita. Kila moja ina chombo chake. Kule Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la mchanga pamoja na vitu vya nano ambavyo huchaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Ninachokisifu zaidi kwake ni kule kuanza na swali la maji haya yana nini, na kuyaweka machujio kwenye vituo vya kuuzia maji, ambako kuna mtu mwenye jina na kibanda wa kuulizwa lini ulibadilisha.

Jirani yangu wa batiki nimemweleza habari ya pipa. Ameniambia kaboni nilete mimi, pipa atatoa yeye. Tumeanza.

Nanyi mnaotaka chujio la nyumbani, mtakapofika dukani na kuonyeshwa kile kidude cheupe chenye bomba na stika ya maji yanayotiririka, msiulize bei kwanza. Muulizeni muuzaji: hiki kinanasa nini, na kinajaa lini? Akikujibu kwamba kinanasa kila kitu na hakijai, rudisha pochi mfukoni uende zako.